Mwingereza Alipofunga Mizigo, Hesabu Ilimwendea Nani?

Katika semina ya vijana iliyofanyika hivi karibuni kwenye tawi letu la Chama, jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, kijana mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikuwamo katika ratiba ya siku ile. Alikuwa ametazama filamu inayoonyesha jinsi familia za Kiingereza zilivyoondoka India wakati wa uhuru na mgawanyiko wa nchi ile mwaka 1947. Akaeleza alivyowaona akina mama wa Kizungu wamekalia masanduku yao stesheni, na wapishi na mayaya wao wamesimama kando wakiwaaga. Kisha akasema: "Ndugu Katibu, je, hapa kwetu nako waliondoka vivi hivi? Na wale wapishi walikwenda wapi?"

Muda ulikuwa umekwisha, nami nikamjibu kwa maneno machache. Nikiri mbele ya wasomaji kwamba jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe niliyelitoa. Swali la kwanza lina majibu yake katika vitabu vya historia. La pili aghalabu halimo vitabuni, na nadhani ndilo lililokuwa na uzito zaidi.

Tuanze na India yenyewe. Februari 1947 Waziri Mkuu wa Uingereza, Clement Attlee, alitangaza kwamba Waingereza wangekabidhi madaraka kabla ya Juni 1948 kumalizika. Mountbatten, mwakilishi wa mwisho wa Mfalme, akaufupisha muda huo: tarehe 3 Juni 1947 alitangaza mpango wa kuigawa nchi, na tarehe 15 Agosti mwaka uo huo utawala wa Mwingereza ukawa umekwisha. Mamlaka yaliyojengwa kwa karibu karne mbili yalifungwa katika majuma kumi na siku chache. Watu zaidi ya milioni kumi walihama makwao kuvuka mipaka mipya, na waliouawa wanahesabiwa kwa malaki. Familia za Kiingereza kwa jumla hazikuguswa na ghasia zile. Waliochinjana walikuwa majirani wa jana, Mhindu na Mwislamu na Kalasinga. Mwingereza alipita katikati yao akielekea bandari za Bombay na Karachi, tiketi ya meli mfukoni. Kikosi cha mwisho cha askari wa Uingereza kilipita chini ya lango kubwa la Bombay tarehe 28 Februari 1948, kwa gwaride na heshima zote.

Lakini tuitazame hesabu. Wakati ule Uingereza ndiyo iliyokuwa mdaiwa. India ilikuwa imegharimia sehemu kubwa ya vita vya Mwingereza, na fedha zake zilizokuwa zimeshikwa London zilizidi pauni milioni 1,000. Wajumbe wa India walipokwenda kuzungumzia fedha hizo mwaka 1948, walikubali kiasi cha pauni milioni 168 kitengwe kwa ajili ya kuwalipa pensheni maofisa wa Kiingereza waliokwisha kuitawala nchi yao. Yaani aliyetawaliwa alimlipa mtawala wake uzeeni, kwa fedha alizokuwa akimdai mtawala huyo huyo. Naomba msomaji aliweke neno hili akilini, maana litarudi.

Si wote waliofunga mizigo India waliorudi Uingereza. Huko kulikuwa na baridi, chakula kilikuwa bado cha mgawo, na hapakuwa na mtumishi wa kuvua viatu. Wengi wao, hasa maofisa wastaafu wa jeshi, waligeuzia nyuso zao Afrika ya Mashariki. Anayejulikana zaidi ni Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba marara wala watu, mzaliwa wa Nainital, ambaye kitabu chake juu ya wanyama hao kilisomwa dunia nzima. Alipopata miaka 72, mwishoni mwa 1947, yeye na dada yake waliivuka Bahari ya Hindi wakaja kukaa Nyeri, Kenya, katika nyumba ndogo ambayo Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, alikuwa ameikalia kabla yake. Haki hainyimwi mtu hata kama ni mgeni wa kikoloni: Corbett aliwaachia wakulima wa kijiji chake kule India ardhi waliyokuwa wakiilima. Hilo ni zaidi ya waliyoyafanya wengi.

Alikuja Kenya kwa kuamini kwamba hapa bendera ile ingepepea mpaka mwisho wa maisha yake. Februari 1952 alikuwa pamoja na Binti Mfalme Elizabeth katika hoteli ya Treetops, ile iliyojengwa juu ya mti, usiku ambao baba yake binti huyo alifariki na yeye akawa Malkia. Oktoba ya mwaka uo huo hali ya hatari ilitangazwa Kenya nzima. Mwaka 1954 Treetops ilichomwa moto na Mau Mau. Na Aprili 1955 Corbett akafariki huku misitu inayozunguka Nyeri ingali na wapiganaji. Mtu yule alikimbia uhuru mmoja akafuatwa na mwingine.

Kwetu Tanganyika mwaka ule ule wa 1947 Waingereza walikuwa wanaingia, si kutoka. Ndio mwaka ulioanza ule mpango maarufu wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Serikali ya Uingereza ilikuwa inapoteza India na ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Ikadhani kwamba mamilioni ya ekari za vichaka vya Tanganyika zingeitoa katika shida hiyo. Matrekta yalivunjika, mvua haikunyesha ilivyoandikwa katika makaratasi ya London, na Januari 1951 mpango ukazikwa pamoja na pauni zipatazo milioni 36. Wazungu wengi wakafunga mizigo kabla hata ya uhuru kutajwa. Nyumba na shule waliyoiacha Kongwa haikukaa bure: kuanzia 1964 mahali pale palikuwa kambi ya wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengineo. Sijui kama wapangaji wa karanga walipata kuliwaza hilo.

Sasa tuje Mnazi Mmoja, maana kijana wetu aliuliza swali lake akiwa amekaa mita chache kutoka mahali ambapo jibu limechorwa ardhini. Ukisimama katikati ya viwanja hivi ukaipa mgongo Barabara ya Lumumba, nyuma yako ni Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya kwanza. Mbele yako, ng'ambo ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ni mitaa iliyoitwa Uhindini, na mbele zaidi kuelekea baharini ni Uzunguni. Uwazi huu wa Mnazi Mmoja haukuachwa kwa ajili ya watoto kucheza mpira. Wakoloni, Mjerumani kwa kuuwaza na Mwingereza kwa kuutekeleza, walitaka pawe na ukanda mtupu wa kuwatenga Waafrika na wengine, kwa kisingizio cha afya. Ni katika ukingo wa ukanda huo huo, katika nyumba iliyokuwa Barabara ya New Street, ambayo leo ni Lumumba, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mnara wa Mwenge uliosimama uwanjani unaeleza mengine.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1957, Wazungu wote wa Tanganyika walikuwa kama 20,000, na Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Wachache sana. Lakini kila meza yenye uamuzi ilikuwa yao. Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, katika nafasi 4,452 za madaraka ya kati na ya juu serikalini, wananchi walikuwa wameshika 1,170 tu. Kwa hiyo swali lililoikabili Serikali ya Mwalimu lilikuwa gumu kuliko furaha ya siku ile ilivyoonyesha. Wakiondoka wote kwa mara moja, nani atawasha taa? Wakibaki wote, uhuru u wapi?

Hapa hakukuwa na stesheni zilizojaa wala damu. Kuondoka kwa Mwingereza kulikuwa kwa taratibu, ofisi moja baada ya nyingine. Bibi alitangaza samani zake, bwana akaandika barua ya kuacha kazi kwa miezi kadhaa mbele, watoto wakatolewa shule. Baada ya Januari 1962, Mzee Kawawa alipoushika uwaziri mkuu, mwendo ukaongezeka. Walioondoka kwa kishindo ni wachache: maofisa wa Kiingereza wa jeshi, ambao askari walioasi tarehe 20 Januari 1964 waliwakamata na kuwapakia ndege kwenda Nairobi. Maasi yale yaliitia nchi aibu, na Serikali ikalazimika kuomba msaada wa askari wa Mwingereza yule yule kuyazima siku tano baadaye. Hilo nalo ni sehemu ya gharama, ingawa halikuandikwa katika hesabu yoyote.

Ama hesabu iliyoandikwa ilikuwa hivi. Kila ofisa wa Kiingereza aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu alistahili fidia kwa kukatika kwa matumaini yake ya kazi, kisha pensheni maisha yake yote. Uingereza ilikubali kubeba nusu ya fidia. Nusu ya pili ikawekwa juu ya mabega ya Tanganyika, nchi ambayo Mwalimu aliwahi kukumbusha kwamba ilianza safari yake ikiwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Tukakopeshwa fedha na Uingereza ili tuwalipe Waingereza. Na pensheni za miaka waliyotutawala zikawa juu yetu pia.

Ili msomaji apime uzito wa jambo hili, nitataja shule moja tu. Mali za Wajerumani zilizotwaliwa kutokana na vita zilipouzwa, serikali ya kikoloni ilitenga fedha zake kwa ajili ya elimu, ikazigawa mafungu matatu yaliyo sawa: moja kwa Wazungu, moja kwa Waasia, moja kwa Waafrika. Usawa wa ajabu, mafungu sawa kwa watu 20,000 na watu milioni 8! Miaka miwili mitatu tu kabla ya uhuru, watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya fahari Iringa, ya St. Michael's and St. George's, yenye mabweni na viwanja vya kila mchezo. Haikuwahi hata kuzeeka mikononi mwao. Baada ya uhuru ikawa Mkwawa, na vijana wengi wa nchi hii, pamoja na baadhi ya viongozi wetu, wamepitia hapo. Ilikuwa faida kwetu, hapana shaka. Lakini haikujengwa kwa ajili yetu.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya serikali tulifundishwa mapema mlango wa mirathi: mtu akishazikwa, mali yake haigawanywi mpaka deni lake lilipwe na wasia wake utimizwe. Waingereza walituletea hoja ya namna hiyo hiyo. Walisema serikali mpya ni mrithi wa serikali ya zamani, na mrithi hapokei nyumba akakataa deni. Hoja hii ni nzuri kwa sharti moja, kwamba sisi kweli tulikuwa warithi. Lakini mtu aliyeghasibiwa shamba lake, kisha akarudishiwa, hajarithi kitu. Amepata kilicho chake. Wala fikihi haimpi ghasibu haki ya kudai mshahara wa mlinzi aliyemweka langoni kumzuia mwenye shamba.

Hata hivyo nataka nisiifanye hoja yangu kuwa nyepesi. Tulitia saini. Dini inatuamrisha kutimiza ahadi, na Serikali yetu iliutimiza mkataba ule kwa miaka kadhaa, hata wakati Uingereza ilipoanza kutufanyia ubaya. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi nayo kwa sababu ya kuwaachia walowezi wa Rhodesia wajitangazie uhuru wao wa wachache. Uingereza ikaushikilia mkopo wa pauni milioni 7.5 tuliokuwa tumeahidiwa. Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba haitalipa tena pensheni za maofisa wa Kiingereza kwa miaka waliyotumikia kabla ya uhuru: walimtumikia Mwingereza, basi Mwingereza awalipe. London ikajibu kwa kukata misaada yake. Kulikuwa na watu waliosema tumevunja neno letu. Mimi naona saini ile ilitiwa kama anavyotia saini mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba yake, na ufunguo uko mkononi mwa mwingine.

Mwisho wa kisa hicho haukupigiwa tarumbeta. Mwaka 1973 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya pensheni za ng'ambo, iliyoiruhusu serikali yao kujitwisha yenyewe pensheni za waliokuwa watumishi wake katika makoloni. Kile walichotukatia misaada kwa kukidai, wao wenyewe wakakubali kuwa ni mzigo wao. India ilikuwa imekwisha kulipa miaka 25 kabla.

Si haki kuwaweka Waingereza wote katika sanduku moja. Wako waliobaki, na walibaki kama raia. Mwalimu alisimama bungeni Oktoba 1961 akakataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi, akawa tayari kujiuzulu kuliko kulikubali. Derek Bryceson, rubani wa zamani wa jeshi aliyetembea kwa fimbo kwa majeraha ya vita, alikuwa waziri wa Kilimo, na wapiga kura wa Dar es Salaam walimpa kura zao dhidi ya Mwafrika mwenzao. Lady Chesham, mzaliwa wa Marekani na mjane wa mlowezi wa Kiingereza, alikuwa mbunge na mwenzetu mpaka alipofariki 1973. Watu hawa hawakudai fidia, maana hawakuondoka.

Narudi sasa kwa mpishi. Kijana wetu aliona kitu ambacho sisi wa semina tulikuwa tumekiruka. Watumishi wa majumbani walikuwa miongoni mwa wafanyakazi wa mwanzo kujiunga pamoja katika mji huu. Katikati ya miaka ya 1940 walikuwa na chama chao cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, na mwishoni mwa 1956 watumishi wa majumbani na hotelini waligoma hapa Dar es Salaam. Msomaji afikirie ilikuwa na maana gani asubuhi ile pale Oyster Bay, bibi kulitafuta jiko la mkaa yeye mwenyewe. Ni watu hao, kwa senti zao, waliokata kadi za TANU na kuzificha chini ya godoro katika chumba cha uani. Lakini katika mapatano yote ya fidia na pensheni hakuna kifungu kinachomtaja mpishi. Yeye hakuwa mtumishi wa serikali. Alikuwa mtumishi wa mtumishi wa serikali, na mkataba wake ulikuwa neno la bibi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alitoka Rufiji akiwa kijana, akapanga chumba Kariakoo, na kwa miaka 14 alimpikia bwana mmoja wa idara moja ya serikali, ambaye jina lake halina haja hapa. Jumapili alikuwa akirudi nyumbani kwa miguu, anavuka Daraja la Selander, anaingia mjini, anakata viwanja vya Mnazi Mmoja, anafika kwa watoto wake jua linazama. Familia ile ilipoondoka mwaka 1962 walimpa kitanda cha chuma, sufuria mbili, mshahara wa mwezi uliokuwa umebaki na barua ya kumsifu. Kitanda nimekilalia mimi. Barua alikuwa anaihifadhi ndani ya msahafu, mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba yetu, ingawa ilikuwa kwa Kiingereza na yeye alisoma herufi za Kiarabu tu.

Nilipoingia kidato cha pili aliniita, akanipa niisome na kumfasiria. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema ni mwaminifu, ni msafi, anajua kupika supu na kuoka keki, na kwamba wanamwacha kwa kuwa wanarudi kwao. Akaniuliza, "Na ile miaka 14 hawakuiandika?" Nikaitazama tena, mbele na nyuma. Haikuandikwa. Akaikunja, akairudisha mahali pake. Hatukuizungumza tena.

Ndiyo maana sikuweza kumjibu kijana yule kwa maneno machache. Mafaili ya maofisa yamo katika kumbukumbu, hapa na London, kila likizo na kila shilingi ya fidia imeandikwa. Ya wapishi, madobi na mayaya yamo katika masanduku ya bati huko Kariakoo, Ilala na Magomeni, na kila nyumba ya zamani inapovunjwa ili ijengwe ghorofa, mengine yanatupwa na kifusi. Tawi letu limekubaliana kuanza kuyaandika. Yeyote mwenye barua ya namna hiyo ya babu au bibi yake, au picha, au kumbukumbu ya jina la nyumba aliyotumikia na miaka aliyokaa, aje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa nane mchana. Barua itanakiliwa mbele yake na ataondoka nayo. Kijana aliyeuliza swali ndiye aliyekabidhiwa daftari.